Kasindi–Butembo: barabara inafunguka, gugu karoti liko jirani

Tarehe 16 Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua pale Mpondwe-Kasindi kazi ya barabara: kilomita 80 mpaka Beni, kisha 54 mpaka Butembo. Tangu siku ile wakaaji wanaongea usalama, kodi na bei ya vitu. Juu ya majani yanayoweza kupanda kamio, mtu haongei.

Watanzania wanayaita gugu karoti, sababu majani yake yanafanana na ya karoti. Yalitoka Amerika. Uganda yameisha fika ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, inayopakana na Virunga yetu. Kuvuka mto Lubiriha si kazi.

Mfugaji wa Lubero ao wa bonde la Semuliki ashituke kwa nini? Ngombe wanakula nyasi nzuri na kuliacha gugu hili, basi linabaki na uwanja wote. Ngombe mwenye njaa akilila, maziwa yanakuwa machungu. Akila mingi, anaweza kufa. Na mtu anayeligusa kila siku anawashwa ngozi, wengine wanapata pumu.

Linachanua kisha wiki 4 hivi, na shina moja linaweza kutoa mbegu zaidi ya 10 000. Mbegu zinasafiri ndani ya matope ya pine, kwenye kwato, katika magunia ya nafaka. Ethiopia, wengi wanasema liliingia na nafaka ya msaada miaka ya 1980. Udongo uliochimbwa upya kando ya barabara ndio kitanda chake. Pale bariera watu wanaangalia makaratasi na pesa. Matope, nani anayaangalia?

Usilichanganye na yale maua makubwa ya manjano yaliyojaa njiani kwetu. Hili maua yake ni meupe, madogo kuliko kifungo cha shati, shina lina mistari na linaweza kupita kifua cha mtu.

Kulikata na panga ni kujichosha, linachipuka tena. Ling'olewe na mzizi kisha mvua, mbele lichanue, mikono imefungwa mifuko ya nailoni. Usilipe mbuzi. Pale ulipong'oa, panda nyasi haraka, na usirudishe ngombe mpaka zishike. India ilileta wadudu wa kulila mwaka 1984, lakini hiyo ni kazi ya serikali na maabara, na kwetu serikali iko na vita.

Ukiona shina moja tu, piga picha, mwonyeshe agronomo wa eneo lako, halafu uling'oe siku ileile.