Mwelekezi si Mtunzi? Judy Kibinge na Upofu wa Wahakiki

Riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014), imehakikiwa kwa wingi katika idara za Kiswahili tangu ilipoteuliwa kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya. Ridhaa, daktari aliyeteketezewa mke na watoto ndani ya nyumba yake, amekwisha kuwa mhusika anayefahamika kwa kila mwanafunzi. Mwaka mmoja kabla ya riwaya hiyo kutoka, Judy Kibinge alikuwa ameelekeza filamu Something Necessary (2013), ambamo Anne, naye akiwa mtumishi wa afya, amepoteza mume katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mwanawe ameumizwa na nyumba yake ya shambani imesalia magofu. Maudhui ni yale yale na janga ni lile lile. Hata taaluma za wahusika zinakaribiana. Hata hivyo, kazi ya kwanza huitwa fasihi, na ya pili huachiwa kurasa za burudani za magazeti.

Utetezi wa ubaguzi huu unafahamika. Filamu, husemwa, ni zao la wengi: mswada wa Something Necessary uliandikwa na Mungai Kiroga, fedha na mafunzo yakatoka kwa One Fine Day Films ya Ujerumani, kampuni ya Tom Tykwer na Marie Steinmann, basi mtunzi ni nani? Swali hili lingekuwa na uzito kama lingeulizwa na watu wasiofundisha tamthilia wala ngano. Ngano haina mtunzi mmoja, na hakuna idara iliyoifukuza kwa kosa hilo. Tamthilia nayo hukamilika mikononi mwa waigizaji. Hoja ya utunzi wa pamoja hutolewa pale tu inapotakiwa kumfungia mlango mwelekezi.

Hoja ya mfadhili ni nzito zaidi, nayo haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba mradi huo huo ndio uliozaa Soul Boy (2010) na Nairobi Half Life (2012), na kwamba mwenye mkoba huweza kuchagua ni kilio kipi cha Kiafrika kitakachosikika Ulaya. Lakini anayeamini kwamba fedha humaliza swali la maana ajiulize ni nani aliyegharimia uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili wakati wa ukoloni, na kwa nini vitabu hivyo bado vinasomwa kwa makini yote. Fedha ni sehemu ya muktadha wa kazi, na muktadha huhakikiwa pamoja na kazi yenyewe. Haitumiwi kama kisingizio cha kutoitazama.

Upotoshaji mkubwa zaidi, hata hivyo, ni ule unaofanywa na wachache wanaomtaja Kibinge kwa heshima. Hao huisimulia kazi yake kama safari ya toba. Alikuwa mkurugenzi wa ubunifu katika kampuni ya matangazo ya McCann-Erickson jijini Nairobi, akaiacha mwaka 1999. Akatengeneza filamu za mapenzi, Dangerous Affair (2002) na Project Daddy (2004). Kisha nchi ikawaka moto, naye akaanza kutengeneza filamu za maana. Simulizi hii ni nyepesi na inadhulumu. Dangerous Affair iliwaweka kwenye skrini vijana wa tabaka la kati wa Nairobi wakipendana na kusalitiana, wakati ambapo Mwafrika wa filamu alitarajiwa awe na njaa, mkuki au virusi. Huo pia ulikuwa msimamo. Tena, jicho lililozoea kueleza jambo katika nusu dakika ya tangazo halikupotea njiani, kwani uchache wa maneno katika Something Necessary unatokana na nidhamu hiyo. Mhakiki anayeidharau futuhi hawezi kuelewa mwelekezi huyu alikojifunzia kunyamaza.

Ukimya huo ndio unaopaswa kuhojiwa, na hapo ndipo uhakiki wa kweli ungeanzia. Shamba la Anne si lazima liwe Molo. Lakini kazi kama hii hupimwa vilivyo inapotazamwa na mtu wa Molo, Elburgon au Njoro, na mtazamaji huyo ana haki ya kuuliza: kwa nini moto uanze 2007? Ghasia za kikabila za Bonde la Ufa zilizuka Oktoba 1991, mfumo wa vyama vingi ulipokaribia, na mwaka 1992 Molo ikawa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Januari 1998, baada ya uchaguzi mwingine, ikawa zamu ya Njoro. Huko Kuresoi, jirani kabisa na Molo, watu walifukuzwa makwao kabla kura ya Desemba 2007 haijapigwa. Kwa hiyo hata neno hili lililozoeleka, ghasia za baada ya uchaguzi, ni uongo wa kalenda. Tume ya Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilichunguza ghasia za awali, na ripoti yake ikakaliwa hadi 2002. Tume ya Waki ilihesabu waliouawa 1,133 katika duru ya 2007 na 2008. Nyuma ya hesabu hizo kuna suala la ardhi: mashamba ya walowezi yaliyonunuliwa baada ya 1963 na vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba, yakagawanywa kwa watu waliotoka kwingine, huku waliokuwa na madai ya kale wakitazama.

Something Necessary inaifahamu nyumba kuliko inavyoifahamu ardhi. Inaonyesha kwa ustadi kwamba kujenga upya ukuta ni namna ya kuomboleza, na kwamba Joseph, kijana aliyeshiriki katika uhalifu, anavutwa kurudi pale alipotenda. Hilo si dogo. Lakini ukuta umesimama juu ya kiwanja, na kiwanja kina historia ambayo filamu imeiacha nje ya fremu. Riwaya ya Matei, pamoja na nchi yake ya kubuni, inathubutu zaidi: Ridhaa anaitwa mfuata mvua, na kwa neno hilo msomaji anaoneshwa chimbuko la chuki. Bonde la Ufa lenyewe lilikuwa na neno lake, madoadoa, lililotajwa mbele ya tume kwa maana ya watu wa kuondolewa. Hiyo ni sitiari, tena ya Kiswahili. Ni ajabu kwamba walimu wa balagha hawajaihakiki kama wanavyohakiki sitiari za mashairi.

Aliyeijibu kasoro hii kwa ufasaha ni Kibinge mwenyewe. Katika Scarred: The Anatomy of a Massacre (2015) aliacha ubuni, akawaendea manusura wa mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, wakati wanajeshi wa serikali walipowakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege karibu na Wajir. Humo mna tarehe, mahali na ukoo, na serikali inatajwa kwa jina lake. Filamu hizi mbili zikisomwa pamoja zinaibua mjadala mzima kuhusu kipi kinaweza kusemwa kwa ubuni na kipi kwa ushuhuda.

Wala si jambo la Kenya pekee. Vinko Brešan wa Kroatia alianza kwa futuhi kuhusu vita vya nchi yake mwaka 1996, kisha akaelekeza Svjedoci (2003), kuhusu raia Mserbia aliyeuawa na askari wa Kikroatia. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Jurica Pavičić ya 1997. Mtu hawezi kuisoma vyema moja kati ya kazi hizo mbili huku akijifanya nyingine haipo. Chozi la Heri na Something Necessary hazikuzaana hivyo, lakini zinasemezana, na mazungumzo hayo yanapita bila msikilizaji.

Kikwazo kinachobaki ni cha kawaida sana. Mswada wa filamu haupatikani madukani kama tamthilia, na maktaba ya idara aghalabu haina hata nakala moja ya filamu yenyewe. Anayetaka kuandika tasnifu juu ya Kibinge hulazimika kuitafuta kazi kwanza na, baada ya kuipata, kuiomba kamati ya uzamili ikubali kwamba ni kazi.