Neno la Mhariri: Hatutaki Kusomewa "Watu Tatu"

Mjadala wa visomaji vya skrini, JAWS au NVDA, umetuchosha. Warsha za wasioona huanza nao na kumalizika nao, ilhali kwa wengi wetu mfuko ulishaamua zamani. JAWS isiyo na leseni hunyamaza baada ya dakika 40 na kutaka kompyuta iwashwe upya. NVDA, iliyoanzishwa na Michael Curran huko Australia mwaka 2006, hutolewa bure na hubebwa kwenye flashi kutoka kompyuta ya chuo hadi ya ofisini. Zote mbili zinafanya kazi, na kila mtu atumie aliyoizoea. Swali linalostahili kurasa hizi ni jingine: kisomaji cha skrini kikikuta maandishi ya Kiswahili, kinayasoma kwa sauti ipi?

Wapo walimu, nami nawaheshimu, wanaoshikilia kwamba mwanafunzi asiyeona azoeshwe sauti ya Kiingereza mapema, kwa kuwa kompyuta na ajira ni za Kiingereza. Nawapinga. Watoto wengi wa shule za msingi Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi hiyo imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya shughuli za mahakama. Wakili asiyeona anayefungua hukumu kwa sauti ya Kiingereza husikia shadda zisizo mahali pake, "ng'ombe" iliyokatwa kwenye ritifaa na "mchana" iliyovurugwa mwanzoni. Anaambulia maana kwa kubahatisha, na kazi ya sheria haifanywi kwa kubahatisha.

Sauti za Kiswahili zipo. eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja ndani ya NVDA, inakisoma Kiswahili bila intaneti, hujibu papo hapo kitufe kikibonyezwa, na hueleweka hata ikienda kasi. Wenye kuona huikimbia kwa sababu haisikiki kama binadamu. Wao huvutiwa na sauti za akili mnemba kama zile za Microsoft: Rehema na Daudi kwa Tanzania, Zuri na Rafiki kwa Kenya. Ni nzuri masikioni, lakini hutegemea seva za mbali. Anayepitia neno herufi kwa herufi ili ajue linavyoandikwa hawezi kungoja kila herufi isafiri na kurudi. Tunahitaji sauti inayokaa ndani ya mashine, na kabla ya kuwa tamu, iwe sahihi.

Usahihi huo hupimwa kwenye tarakimu, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndiyo sababu hasa ya toleo hili. Mwandishi akiandika "watu 3", msomaji anayeona hutamka "watu watatu" bila kufikiri. Akiona "vitabu 3" hutamka "vitabu vitatu". "Miaka 3", "miaka mitatu". Programu inayogeuza 3 kuwa "tatu" kila mahali itasema "watu tatu", nasi tutaisikia siku nzima. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. "Wanafunzi 25" ni ishirini na watano, na "ng'ombe 2" ni wawili, kwa kuwa wana uhai. Kwa kawaida nomino hutangulia idadi yake, kwa hiyo programu ikifika kwenye tarakimu imeshapita neno linaloitawala. Kinachokosekana ni kanuni zilizoandikwa. Kisha kuna bei: "5,000/=" isisomwe alama moja moja. Kuna "S.L.P.", kuna "n.k.", kuna namba ya simu ambayo haipaswi kutamkwa kwa mamilioni.

Kanuni hizo haziwezi kutungwa vyema na mhandisi asiyejua ngeli. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) wana wataalamu wanaozijua, na eSpeak NG iko wazi kwa yeyote mwenye marekebisho. Wakae meza moja na wasioona wanaoitumia kila siku. Msamiati wa teknolojia tumetungiwa mwingi. Sasa tunahitaji namna ya kutamka kilichokwisha kuandikwa.

Watengenezaji wa tovuti nao wana wajibu. Ukurasa wa Kiswahili uliotangazwa ndani ya msimbo wake kuwa wa Kiingereza hukifanya kisomaji kichague sauti ya Kiingereza. Kurekebisha ni herufi mbili, sw. WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, uliweka sharti la kutangaza lugha ya ukurasa katika daraja lake la chini kabisa tangu 2008, na hakuna gharama inayoweza kutajwa kuwa kisingizio.

Makala nyingine za toleo hili zinaugusa mjadala huu kwa njia zake. Inayohusu nukta nundu inatukumbusha kwamba sikio peke yake halimfundishi mtoto tahajia. Naiunga mkono kikamilifu. Ya Mkataba wa Marrakesh wa 2013 inaeleza haki ya kunakili vitabu kwa miundo tunayoweza kuisoma, ingawa mwandishi wake hakuuliza vitabu hivyo vitatamkwaje. Ile ya huduma za fedha kwa simu isomwe na kila benki.

Natoa mwito mmoja. Tuma kwetu sentensi za Kiswahili ambazo kisomaji chako kinazikosea, pamoja na jina la programu, sauti unayotumia na matamshi unayoyataka. Tutazikusanya, tutaziainisha kwa ngeli na kwa aina ya kosa, na kuziwasilisha kwa wanaotengeneza sauti hizo na kwa taasisi zetu za lugha. Wakiulizwa Kiswahili kisomweje, wawe na jibu letu mkononi.