Ngome za Eifel Nazo ni Darasa la Kiswahili



Baada ya safari yetu ya Burg Eltz nilipokea malalamiko mawili. Baba mmoja aliniambia waziwazi: "Mwalimu, mimi namleta mwanangu Jumamosi ajifunze Kiswahili. Habari za ngome za Wajerumani atafundishwa na Wajerumani wenyewe, Jumatatu mpaka Ijumaa." Mama mwingine aliniuliza kwa upole, lakini kwa uchungu: "Hawa si ndio waliojenga maboma kwetu na kutuchapa viboko? Leo tunalipa kiingilio tukashangae nyumba zao?"

Maswali yote mawili ni ya haki. Siku ile sikuyajibu vizuri, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na kichwa kizito. Naomba niyajibu hapa.

Kwanza, kwa ambao hamkuja, niwaeleze tulichokiona. Tulishuka treni kituo cha Moselkern, tukafuata kijito cha Elzbach kwa miguu ndani ya msitu. Pamoja na wadogo tulitumia saa moja na nusu, na malalamiko ya "bado mbali?" yalianza mapema. Halafu njia ikapinda, na ngome ikatokea ghafla, imesimama juu ya mwamba, kijito kimeizunguka pande tatu. Watoto wote walinyamaza. Wanaokumbuka noti ya Mark 500 ya kabla ya Euro wataijua ngome hiyo kwa picha.

Burg Eltz imetajwa katika maandishi tangu mwaka 1157, na mpaka leo iko mikononi mwa ukoo uleule. Mwaka 1689 majeshi ya Ufaransa yalipobomoa ngome nyingi za upande huu, ikiwemo ya Cochem iliyo jirani, Eltz ilisalimika. Husimuliwa kwamba mtu mmoja wa ukoo huo alikuwa afisa katika jeshi la Ufaransa, naye akaiombea.

Lakini kilichowafurahisha watoto si vita, ni makazi. Kabla ya mwaka 1268 ndugu watatu waligawana ngome hiyo, na vizazi vyao vikaendelea kuishi humo kwa karne nyingi, kila mlango na nyumba yake, wote wakizunguka ua mmoja. Walikuwa na mapatano ya maandishi ya namna ya kuishi pamoja na kuitunza. Mvulana mmoja akapaza sauti: "Kama nyumba ya bibi Tanga! Kila baba mdogo na vyumba vyake!" Nilicheka, lakini alikuwa ameelewa kuliko ambavyo ningemweleza mimi.

Ukumbini walimokuwa wakikutana, ukutani kuna vichwa vya wachekeshaji vilivyochongwa, na juu ya mlango kuna ua la waridi. Mwongozaji alieleza kwamba mchekeshaji alikuwa na ruhusa ya kusema lolote mbele ya bwana wake, kwa hiyo humo ndani kila mtu aseme alilonalo moyoni. Waridi nalo linamwambia anayetoka: yaliyosemwa humu yasitoke nje. Nikawaambia watoto, sisi tuna methali, "Siri ya mtungi aijuaye kata." Nimeifundisha methali hiyo darasani mara mbili, wakaisahau mara mbili. Safari hii waliirudia mpaka kwenye treni.

Hapo ndipo ninapoanza kumjibu baba yule. Kiswahili cha watoto wetu wengi ni cha jikoni na cha kukaripiwa: njoo ule, vaa viatu, zima simu, msalimie bibi. Wakitaka kuzungumza juu ya vita, sheria, ujenzi au urithi, wanarukia Kijerumani. Hatuwezi kuwalaumu, hatujawahi kuwapa maneno ya mambo hayo. Kwangu ni vilevile. Binti yangu namsemesha Kiswahili, ananijibu Kijerumani, na nikimuuliza kwa nini anasema, "Mama, Kiswahili hakina neno hilo." Kinalo. Ni mimi sikumpa.

Kwa hiyo tuliwekeana sharti moja: Kijerumani cha kumsikiliza mwongozaji, Kiswahili cha kusimuliana sisi kwa sisi. Mkubwa anasikia, anamgeuzia mdogo. Siku moja tulitumia ngome, kasri, mnara, lango, komeo, handaki, mzingiro, mapatano na mrithi. Kijana wa miaka kumi alinieleza kwamba Burg ni jengo la kujihami na Schloss ni la kuishi kwa fahari. Nikampa ngome na kasri, akaona kumbe Kiswahili nacho kinatofautisha. Hata vyoo vilitusaidia. Eltz ina vyoo karibu 20 vya zamani, vilivyosafishwa kwa maji ya mvua, na kama muuguzi nilifurahi kuona maswali mengi kuliko yote yalikuwa ya hapo, tena kwa Kiswahili fasaha.

Sasa nimjibu mama. Tukiwa tunakula mikate yetu nje ya lango, msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kwetu hakukuwa na vitu kama hivi, si ndiyo? Kulikuwa na vibanda tu." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayehakikisha jambo analolijua tayari. Mtoto huyo ana miaka 9.

Nilimjibu kwa mwaka mmoja tu: 1331. Mwaka huo Balduin, Askofu Mkuu wa Trier, alianza vita na mabwana wa Eltz. Alijenga ngome ndogo juu ya jabali linaloitazama yao, akawa anawatupia mawe kutoka huko. Magofu yake bado yapo, tuliyaona kwa macho. Vita vilidumu miaka mitano hivi, mpaka watu wa Eltz wakasema yaishe. Na mwaka huohuo wa 1331, kama wengi wanavyohesabu, msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, aliteremka Kilwa, akaukuta mji aliousifu kwa uzuri na sultani aliyemsifu kwa ukarimu. Sultani huyo, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa: kasri la mawe ya matumbawe juu ya mwamba wa bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Na neno husuni lenyewe maana yake ni ngome. Msichana akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Naweza kwenda?" Nikamwambia, gofu lipo, Kilwa Kisiwani, na linahesabiwa katika urithi wa dunia.

Lazima nikiri, jibu hilo sikutoka nalo shuleni kwetu. Mimi nimekulia Bagamoyo. Nilipita mbele ya Boma la Mjerumani nikienda sokoni, nikapita mbele ya Ngome Kongwe nikienda pwani, na hakuna siku mtu alituingiza ndani akatueleza nani alijenga na kwa nini. Miaka mingi baadaye, hapa Ujerumani, mgonjwa wangu mmoja, mzee wa kijiji cha Eifel, alinisimulia gofu la kijijini kwake, kila jiwe na habari yake. Kisha akaniuliza, "Na kwenu kuna nini cha kale?" Nikamjibu, "Kuna bahari." Aliitikia kwa adabu, lakini mimi nilirudi nyumbani na aibu. Ndiyo nikaanza kusoma, ukubwani.

Kwa hiyo, dada yangu, uchungu wako ni wa kweli, na siwafichi watoto kwamba kwetu boma lilikuwa mahali pa kodi na viboko. Lakini ngome ndiyo mahali pazuri pa kuwafundisha hilo. Pale Eltz niliwauliza: nani alibeba mawe haya mpaka juu ya mwamba? Si wale waliochorwa ukutani. Ni wakulima wa mabondeni, waliowatumikia mabwana na kuwalipa nafaka. Mtoto akizoea kuuliza swali hilo Eifel, ataliuliza na Bagamoyo, na ataliuliza na Kilwa pia, kwa maana masultani wetu nao hawakubeba mawe wenyewe. Tukimkataza asiingie, tutakuwa tumemlinda na swali tu. Boma litabaki palepale.

Nami si mwanahistoria. Ninaloshauri ni dogo: kila muhula, Jumamosi moja iwe ya safari, na wazazi waje. Siombi mje kuchunga watoto, wanajichunga. Naomba mje msimuliwe. Mtoto anayemweleza baba yake kwa Kiswahili jambo ambalo baba halijui, huyo lugha imemkaa. Na jioni mezani, mpeni naye jiwe moja la kwenu: msikiti wa kale, kaburi la nguzo, stesheni ya reli, kisima cha babu. Kama hamna la kusema, kama mimi nilivyokuwa sina, tafuteni pamoja.

Safari ijayo napendekeza Manderscheid, huku huku Eifel. Kuna magofu ya ngome mbili zinazotazamana juu ya mto Lieser, moja ya Askofu Mkuu wa Trier, nyingine ya mabwana wa Manderscheid. Majirani waliojengeana kuta. Nadhani watoto watakuwa na la kusema, na baadhi yetu pia. Leteni viatu vya kutembelea, maji, na vitumbua kama kuna mwenye nafasi ya kupika. Na wewe baba uliyeniuliza, nakuwekea kiti kwenye treni.