Linux kwa wapenda gemu: tatizo siyo mashine, ni mlinzi wa mlangoni

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 (waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja tu), na tangu siku hiyo swali moja linaniandama: je, nikihamia Linux nitaendelea kucheza gemu zangu? Ni swali la haki kabisa. Laptopu nyingi tunazonunua hapa Kenya ni za mtumba, zimetumika kwenye ofisi za Ulaya, na ndani yake mna prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, cha sita au cha saba. Windows 11 kwa kawaida inadai kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. Mashine bado ina nguvu zake, lakini imeshaambiwa istaafu.

Jibu langu ni: hamia, isipokuwa kama gemu unayocheza na wenzako imo kati ya zile nitakazozitaja hapa chini. Kama imo, baki ulipo.

Wale waliojaribu Linux mwaka 2008 watacheka. Enzi hizo ulikesha na Wine usiku kucha, gemu ikafunguka bila sauti, ukashukuru. Mambo yamebadilika. Mwaka 2018 kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, ilitoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa vitu kadhaa. Kazi yake ni ya mkalimani. Gemu inazungumza Windows, Proton inageuza maneno yake yaeleweke na Linux. Michoro inayoombwa kwa lugha ya Direct3D inageuzwa kuwa Vulkan na programu iitwayo DXVK (au VKD3D-Proton, ikiwa gemu inatumia DirectX 12). Hakuna kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo kasi haipotei sana. Steam Deck, iliyoingia sokoni Februari 2022, inatumia mfumo huu huu, na watu wanacheza Elden Ring na Cyberpunk 2077 juu yake bila hata kujua neno Linux.

Sasa jambo ambalo washabiki wa Linux huwa hawakuambii. DXVK tangu toleo la 2.0 la mwaka 2022 inadai Vulkan 1.3. Michoro ya Intel ya kizazi cha nne haifiki hapo. Unaweza kuchagua Proton ya zamani kwenye mipangilio ya Steam, lakini unabaki nyuma. Kizazi cha sita na cha saba hawana shida hiyo, na hizo ndizo mashine hasa ninazosema zihamie. Usitarajie miujiza lakini: michoro iliyomo ndani ya prosesa itakuchezea Stardew Valley na Hollow Knight vizuri, na haitakuchezea Cyberpunk kwa mfumo wowote ule. Mwenye kadi ya AMD atapata draiva huria zikiwa tayari ndani ya mfumo. Mwenye NVIDIA atalazimika kuweka draiva ya kampuni yenyewe, na kwenye gemu za DirectX 12 mara nyingi atapoteza kasi kidogo.

Hayo yote yanavumilika. Kisichovumilika ni programu za kuzuia udanganyifu.

FIFA 23, iliyotoka mwaka 2022, ilikuja na mlinzi wa EA mwenyewe, na kuanzia hapo mfululizo huo, ambao sasa unaitwa EA FC, haufunguki kwenye Linux kwa njia ya kawaida. Kwa kijana wa Kenya hilo peke yake laweza kuwa mwisho wa mjadala. Valorant haichezeki, Fortnite vilevile. League of Legends ilikuwa ikichezeka mpaka 2024 ilipoletewa Vanguard. GTA Online ilifungwa Septemba 2024 ilipowekewa BattlEye, ingawa GTA V ya kucheza peke yako inaendelea. Na Apex Legends, ambayo watu waliicheza kwenye Linux tangu 2022, ilifungiwa tarehe 31 Oktoba 2024.

Tazama vizuri orodha hiyo. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zikifanya kazi. BattlEye na Easy Anti-Cheat zimekuwa na njia ya kukubali Proton tangu 2021, ni mwenye gemu tu hataki kuruhusu. Utetezi wao ni kwamba Linux, kwa kuwa iko wazi, inamrahisishia mdanganyifu kujificha. Kuna ukweli hapo, siwezi kuupinga: mtu anayeweza kubadilisha kiini cha mfumo wake anaweza kumdanganya mlinzi. Lakini suluhisho lao ni kutaka walinzi wakae ndani kabisa ya kiini cha Windows, mahali ambapo kosa moja huangusha kila kitu. Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, ambayo siyo ya gemu lakini hukaa mahali palepale, liliangusha mashine kama milioni 8.5. Mimi kama mwandishi wa programu sitampa mtu wa gemu ufunguo wa chumba ninamoweka kazi za wateja. Wewe unaweza kuamua vingine, mradi ujue umetoa ufunguo.

Kabla hujafuta Windows, angalia bando lako. Kila toleo la Proton ni mamia ya megabaiti, na Steam hupenda kupakua mapema faili za vivuli vya michoro kwa kila gemu. Zima hilo kwenye mipangilio kama unalipia data. Usitumie pia folda ya gemu iliyoko kwenye diski ya NTFS ya Windows, Proton huchanganyikiwa na majina ya faili. Ihamishie gemu kwenye diski ya Linux. Na kama ni lazima ubaki na EA FC, tafuta SSD ya pili, Windows ikae huko peke yake, maana masasisho yake yana tabia ya kuvuruga kiwashio cha Linux zikilala diski moja.