Sajini Meja Hall wa Winnipeg

Katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada, iko njia moja ambayo zamani iliitwa Pine Street. Katika mwaka wa 1925 jina hilo liliondolewa, na njia ikaitwa Valour Road, maana yake Njia ya Ushujaa. Sababu yake ni kwamba askari watatu waliopata kukaa katika njia ile walipewa, kila mmoja wao, Nishani ya Victoria kwa matendo yao katika Vita Kuu ya Kwanza. Nishani hiyo ndiyo kubwa kupita zote zilizotolewa kwa ushujaa mbele ya adui katika majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Wawili kati ya watatu hao hawakurudi nyumbani. Habari hii ni ya yule wa kwanza kufa, Frederick William Hall.

Hall hakuwa mzaliwa wa Kanada. Alizaliwa katika mji wa Kilkenny, Ireland, mwezi wa Februari 1885. Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi la Uingereza, katika kikosi cha Cameronians, askari wa miguu wa Uskoti, akatumika humo kwa miaka mingi. Yapata mwaka wa 1910 alivuka Bahari ya Atlantiki akahamia Winnipeg. Siku zile mji huo ulikuwa ukikua upesi kwa sababu ya reli na biashara ya ngano, na watu wa nchi nyingi walimiminika huko, wengine wakitafuta shamba, wengine wakitafuta mshahara.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, wahamiaji wengi wa namna yake walijiandikisha mara moja. Jeshi la kwanza lililotoka Kanada lilikuwa na watu zaidi ya 30,000, na walio wengi walikuwa wazaliwa wa Visiwa vya Uingereza. Waliiacha nchi ile kutafuta maisha, sasa wakarudi ng'ambo kupigana. Hall aliingia Batalioni ya 8, ambayo watu wake walitoka Winnipeg, na kwa kuwa alikwisha kuijua kazi, alipanda mpaka akawa Sajini Meja wa Kombania. Wasomaji waliopata kuvaa nguo za jeshi wanamjua mtu huyo. Ndiye anayewakemea askari kutwa, na ndiye anayewahesabu jioni.

Batalioni yake ilifika Ufaransa mwezi wa Februari 1915, na mwezi wa Aprili Wakanada walipelekwa Ubelgiji, kuulinda mji wa Ypres. Jioni ya tarehe 22 Aprili, Wajerumani walifungua maelfu ya mitungi ya hewa ya sumu iitwayo klorini, zaidi ya tani 150, na upepo ukaichukua mpaka kwenye mahandaki ya Wafaransa na askari wao wa Algeria. Hewa ile, yenye rangi ya manjano na kijani, ilitambaa chini kama ukungu wa asubuhi, nayo iliunguza mapafu. Watu walikufa wakikosa pumzi, na waliosalia wakakimbia. Pengo kubwa likafunguka upande wa kushoto wa Wakanada, nao wakapigana mchana na usiku kulizuia. Bunduki zao za Ross zilikwama mara kwa mara zilipopata moto au matope, hata askari wengine walilazimika kuzipiga kwa kiatu ili zifunguke.

Usiku wa tarehe 23, kombania ya Hall ilikuwa ikishika mahali pake katika mahandaki. Alipowaangalia watu wake, aliona baadhi yao hawapo. Walikuwa wamejeruhiwa njiani, nao wamelala gizani huko nje. Alitoka peke yake mara mbili, na kila mara alirudi na mtu.

Alfajiri ya tarehe 24 hewa ya sumu ilifunguliwa tena, na safari hii iliwaelekea Wakanada wenyewe. Hawakuwa na vifaa vya kujikinga ila vitambaa vilivyoloweshwa, wakavifunga puani na mdomoni. Wengi walianguka, lakini Batalioni ya 8 haikuondoka mahali pake.

Yapata saa tatu ya asubuhi, katika mwanga wa jua, walisikia sauti ya mtu aliyejeruhiwa akiomba msaada. Alikuwa yadi 15 tu kutoka kwenye handaki. Mtu mzima huupita mwendo huo kwa sekunde chache, lakini risasi za adui zilipita hapo kutoka ubavuni bila kukoma. Hall alitoka pamoja na koplo mmoja na askari mmoja. Mara wote wawili wakajeruhiwa, na ikawabidi kurudi. Hall alipumzika kidogo, kisha akatoka tena, peke yake, akitambaa kwa tumbo. Alimfikia yule mtu, akajipenyeza chini yake ili ambebe mgongoni. Alipoinua kichwa kutazama njia ya kurudia, risasi ilimpiga kichwani akafa papo hapo. Yule aliyekuwa akimwokoa naye aliuawa.

Yuko atakayeuliza: Faida yake ilikuwa nini, ikiwa badala ya mmoja walikufa wawili? Swali hilo ni la haki, na kwa hesabu ya dukani jibu lake ni hasara tupu. Lakini askari hakai handakini kwa hesabu ya dukani. Hukaa kwa sababu anaamini kwamba siku atakayoanguka, wenziwe hawatamwacha. Wazee walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema ni yule aliyefaulu.

Tangazo la nishani yake lilitoka mwezi wa Juni 1915. Mwili wake haukupata kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa kwenye Lango la Menin, mjini Ypres, lililofunguliwa mwaka wa 1927, pamoja na majina zaidi ya 54,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana. Tangu mwaka wa 1928 tarumbeta hupigwa hapo kila jioni saa mbili, ila katika miaka ya 1940 hadi 1944 mji ulipokuwa mikononi mwa Wajerumani.

Tume iliyojenga lango lile ndiyo iliyosimamisha sanamu za watu watatu katika mji wa Nairobi, mwaka wa 1928, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Afrika ya Mashariki waliokufa katika vita hivyo hivyo. Hapo Nairobi hakuna majina. Mwaka wa 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Hao nao walikuwa na jamaa waliongoja habari. Hall hakukubali kumwacha nje mtu mmoja aliyesikia sauti yake. Basi wazee katika jamaa nyingi wangali wanayajua majina ya babu zao waliokwenda vitani wasirudi, na ni vema yaandikwe kabla wazee hao hawajatoweka.