Kifungu cha 15



Kijana mmoja wa parokia yetu, anayesomea sheria mjini Goma, alisimama katika mkutano wenu hapa Mushaki akasema anajuta kuchagua masomo hayo. Sheria, alisema, ni ya mwenye bunduki. Haki ni ya mwenye fedha. Na uhuru ni kujua namna ya kuponyoka kati ya hao wawili. Mlimpigia makofi. Mmoja akapaza sauti: «Kifungu cha 15!», na wote mkacheka.

Makofi hayo ndiyo tunayoyapinga.

Kicheko chenyewe tunakijua. Watu husema kifungu hicho kilizaliwa Kasai ya Kusini mwanzoni mwa uhuru, kikakomaa enzi za Mobutu: kila mtu ajitafutie. Ni sisi wazee tuliowarithisha. Wapo kati yetu walimu waliouza pointi za mtihani, na Jumapili wakafundisha amri ya saba bila kuona haya.

Sasa fungueni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, msome kifungu cha 15 kilicho cha kweli. Kinaagiza wenye mamlaka wahakikishe kwamba ukatili wa kingono unakomeshwa. Na unapofanywa kwa nia ya kuvunja jamaa na kuangamiza watu wote wa kabila au taifa, kinauita uhalifu dhidi ya ubinadamu. Katika Masisi na Walikale hakuna wa kuelezwa kwa nini kiliandikwa. Nasi miaka yote tumekitaja kwa kucheka.

Mtatujibu kwamba maandishi hayo hayakumlinda mama aliyekuwa njiani kwenda shambani. Ni kweli, na jibu hilo linatuuma. Wenye bunduki wamepokezana milima hii mara nyingi, na kila aliyefika alikuta kamba ya bariera imekwisha kufungwa. Lakini ni nani anayeishika kamba hiyo? Mara nyingi ni kijana wa hapahapa, aliyebatizwa kati yetu. Huchukua pesa za mama aliyebeba maharagwe kwenda Sake, na jioni husema hana kosa, ameagizwa. (Hatumsemi yule aliyeelekezewa bunduki kifuani, huyo tunamwombea. Tunamsema aliyeiomba kazi hiyo.) Kifungu cha 28 cha Katiba hiyohiyo kinamjibu: hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria.

Floribert Bwana Chui naye alisomea sheria mjini Goma, alikozaliwa mwaka 1981. Katika Jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa rafiki wa maibobo, watoto wa barabarani. Kisha akaajiriwa na OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Vyakula vilivyoharibika vilifika mbele yake, naye akakataa kuvipitisha. Wakamtolea fedha, akakataa. Wakamshurutisha, akakataa tena. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri.

Tazameni vema jambo hili, hasa wewe mwanafunzi wetu. Floribert hakuwa na askari hata mmoja. Alikuwa na sahihi yake tu. Kama sheria ingekuwa karatasi tupu, kama unavyodai, wenye bidhaa zile wangepita bila kumtazama. Mbona walihangaika kuinunua sahihi ya kijana mmoja? Walijua wanachokinunua. Wanaosema sheria imekufa ndio hao hao wanaotumia fedha nyingi kila siku kuinyamazisha. Na maiti hainyamazishwi. Kuhusu uhuru, uliousema ni uhuru wa panya: hupata tundu, akapita, na nyumba ikabaki ilivyokuwa. Floribert alikuwa huru kwa namna nyingine: hapakuwa na bei ya kumfanya aseme ndiyo.

Kwa hiyo usiache masomo. Kifungu cha 142 kinataka sheria zienezwe pia katika lugha zetu nne za taifa, na sisi hapa kijijini hatujashika nakala ya Kiswahili mikononi. Jumapili ijayo, baada ya Misa, utuletee kifungu cha 15 na cha 28, umevitafsiri mwenyewe, uvisome polepole. Mama wanaouza maharagwe tumewaalika. Watakaa mstari wa mbele, nao wana maswali.