Makaburi ya Wazee Wetu Yahifadhiwe kwa Picha

Kila asubuhi ya Sikukuu, Unguja na Pemba, wananchi wengi hupita mavani kuwaombea dua wazee wao kabla ya kurudi majumbani. Hapo huonekana jambo ambalo sote tumelizoea. Kijana husimama baina ya makaburi na kumwuliza mzee aliye karibu naye lipi ni la babu yake. Mzee huonyesha kwa mkongojo: ni hili, au lile la pili kutoka kwenye mwembe. Siku mzee huyo atakapofariki, swali litabaki na jibu litakuwa limezikwa pamoja naye.

Kwa sababu hiyo tunatoa shauri ambalo halidai fedha nyingi wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Kila shehia iyapige picha makaburi yake kwa kamera ya kidijitali, kaburi moja moja, na kila picha iandikiwe jina kwa ushahidi wa wazee walio hai. Kazi hiyo haifai kungojea mwaka mwingine.

Wako watakaosema kwamba jiwe linatosha. Jiwe la visiwa vyetu halitoshi. Mawe yetu mengi ni ya matumbawe na chokaa, na chumvi ya bahari pamoja na mvua za masika huyala kidogo kidogo. Ni kweli kwamba katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yangali yanasomeka. Lakini maandishi hayo yamekaa ndani ya msikiti, chini ya paa, na vizazi vingi vimeyatunza. Makaburi hayana paa. Tazama makaburi ya nguzo ya Ras Mkumbuu, Pemba, yaliyojengwa na watu waliokuwa na uwezo na ustadi mkubwa. Yamesimama karne nyingi, lakini ni nani leo awezaye kututajia kwa yakini majina ya wote waliolala hapo? Ikiwa hayo ndiyo yaliyowafika wenye makaburi ya nguzo, itakuwaje kwa mkulima na mvuvi ambao alama yao ni jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, yasiyo na hata herufi moja?

Hapana budi tukiri kwamba wengine wametutangulia. Katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya bandari ya Mji Mkongwe, wamezikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba, 1914. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na majina yao yangali katika madaftari ya tume iliyoundwa mwaka 1917 kuyatunza makaburi ya wanajeshi wa dola ile. Hatuwaonei kijicho mabaharia hao. Kila maiti ina haki ya jina lake. Tunalouliza ni hili: kwa nini mgeni aliyekufa bandarini petu ajulikane jina na kaburi, na mzee aliyetupandia mikarafuu tunayochuma hadi leo apotee katika magugu?

Wala jambo hili si la wafu wa kale peke yao. Mwezi wa Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, nchi nzima ilishikwa na msiba. Maiti ambazo hazikutambuliwa zilizikwa Kama. Kila aliyepotelewa na ndugu siku zile anajua maana ya kumwombea dua mtu pasipo kujua uelekee kaburi lipi. Uchungu ule ulitokana na ajali ambayo haikutupa nafasi. Uchungu unaotokana na uzembe wetu, wa kusahau makaburi ya watu tuliowaosha na kuwazika kwa mikono yetu wenyewe, hauna udhuru.

Upande mwingine ni wa ardhi. Katika vijiji vingi makaburi yamo ndani ya mashamba ya ukoo, au pwani karibu na mchanga mweupe ambao leo una thamani kubwa. Mava yakishafyekwa na mawe kung'olewa, wenye wafu hubaki na maneno matupu mbele ya mwenye hati. Picha yenye tarehe, yenye alama ya mahali ilipopigwa, na yenye majina ya wazee walioshuhudia, ni ushahidi ambao afisa wa ardhi anaweza kuutazama. Kwa hiyo kazi hii itamsaidia raia, na itamsaidia pia mtumishi wa Serikali anayetaka kuamua kwa haki asiye na kitu cha kushika mkononi.

Tunafahamu kwamba baadhi ya waumini watasita, na kusita kwao tunakuheshimu. Tulifundishwa chuoni kwamba kuyajengea makaburi, kuyapaka chokaa na kuyapamba ni mambo yaliyokatazwa, na wanavyuoni wengi hawapendi hata kuandika juu yake. Basi na wajue kwamba picha haiongezi tofali wala herufi juu ya kaburi la mtu. Tena imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue na awazike jamaa zake karibu naye. Makusudio yalikuwa kutambua, si kujifakharisha. Hilo ndilo tunalolitaka, na kwa njia hii jina litakaa daftarini, na kaburi litabaki kama sharia ilivyolitaka.

Sasa tuseme jinsi ya kuitenda kazi yenyewe, maana nia njema bila ya mpango huishia mkutanoni. Sheha awakutanishe wazee wa mtaa, imamu wa msikiti na vijana wachache wenye simu nzuri au kamera. Kwanza mava yote yapigwe picha kwa mbali, ili mpangilio wake uonekane. Kisha kila kaburi lipewe namba katika daftari, na lipigwe picha kwa ukamilifu wake pamoja na fimbo iliyopimwa, ili ukubwa ujulikane. Penye maandishi ipigwe picha ya karibu. Wakati bora ni asubuhi mapema au alasiri, jua linapopiga kwa ubavu, maana kivuli huingia ndani ya herufi zilizofifia na kuzifanya zisomeke. Jua la utosini huzifuta. Jiwe lisisuguliwe kwa brashi ya chuma, lisipakwe chaki, wala lisimwagiwe dawa. Majani yaondolewe kwa mkono, na vumbi kwa brashi laini. Vijana wasikanyage makaburi, na wasipige picha za waliofiwa. Mavani ni mahali pa adabu, na kamera haibadilishi hukumu hiyo.

Hata hivyo, kamera hupiga picha ya jiwe. Haipigi picha ya jina. Makaburi yetu mengi hayana maandishi, na kwa hayo neno la mzee ndiyo kazi yenyewe. Hapa tungependa kutoa nasaha moja mahsusi. Kwa desturi zetu akina mama hawafuatani na jeneza, lakini wao ndio mara nyingi wanaoijua nasaba: nani alimzaa nani, nani alikufa mwaka wa ndui na nani mwaka wa njaa. Basi picha zipelekwe majumbani kwao. Bibi aliyeketi barazani ataonyeshwa kaburi baada ya kaburi, aseme analolijua, na maneno yake yaandikwe pamoja na jina lake. Penye kutofautiana wazee wawili, yaandikwe maneno ya wote wawili.

Kazi hii iwe ya wote wanaoishi visiwani. Makaburi ya Wakristo huko Mbweni, ambako katika karne ya 19 waliwekwa watu waliotolewa katika utumwa, ni sehemu ya historia ya wananchi wa nchi hii sawa na makaburi ya Tumbatu na Ras Mkumbuu. Wengi wa watu wale walinyang'anywa majina na kwao. Tusiwanyang'anye mara ya pili.

Tunamalizia na wajibu wa viongozi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha iliyomo ndani ya simu ya kijana mmoja ni mali bila daftari. Simu ikianguka baharini, shehia nzima imepotea. Kwa hiyo kila kazi iliyokamilika iwe na nakala tatu: moja kwa sheha, moja msikitini au kanisani, na moja katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Daftari la majina lichapwe pia katika karatasi, kwa sababu karatasi husomwa hata umeme ukikatika. Tunaziomba wizara na idara zinazohusika na mambo ya kale, nyaraka, ardhi na tawala za mikoa zikae pamoja, zitoe fomu moja nyepesi itakayotumika Unguja na Pemba, na zimtaje afisa mmoja katika kila wilaya atakayepokea kazi za mashehia. Bila ya afisa huyo, vijana watafanya kazi nzuri na hawatajua pa kuipeleka.

Kwa upande wa wananchi, hakuna haja ya kungojea fomu. Ijumaa ijayo, baada ya sala, kila mwenye mzee aliye hai na amshike mkono, waende naye mavani. Picha achukue yeye, na majina atayataja mzee.